Mkwaju wa Odongo Unamngoja Opiyo

Wanachama wenzangu, mmeniuliza mara nyingi, tena kwa sauti ambazo sikuzipenda, kwa nini nilirudi kutoka Asembo Bay na pikapu tupu siku ya onyesho letu. Mwenyekiti alitaka nijibu kwa mdomo mkutanoni. Nilikataa, kwa sababu mkutanoni huwa sipewi nafasi ya kumaliza sentensi. Basi nimeandika. Someni hadi mwisho ndipo mnikasirikie vizuri.

Sababu ya safari mnaijua, ila nitairudia kwa ajili ya wale ambao huja mkutanoni kunywa chai. Tulikuwa tumepata ukumbi mjini Kisumu kwa Jumamosi moja. Mgeni kutoka Nairobi, mtu aliyezoea kuona bonsai za kila aina, miti mizima iliyodumazwa vyunguni, alikuwa ameahidi kuja kuchagua mti mmoja wa kwenda kwenye onyesho la nchi nzima. Ukumbi ulikuwepo, mgeni alikuwepo, na vitambaa vyeupe vya meza nilivitoa dukani kwangu. Miti ndiyo haikuwepo. Tusidanganyane. Tulichokuwa nacho ni vijiti vilivyobanwa kwenye vyungu, na nasema hivyo nikiwa mwenye vijiti vitatu kati ya hivyo.

Kisha ikaja ile picha kwenye simu. Mkwaju, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, shina limejipinda mara mbili kama mtu anayegeuka kumtazama aliyemwita. Upande mmoja wa shina ulikuwa umekufa kabisa, mweupe kama mfupa, umechongwa mifereji myembamba kutoka kwenye mizizi hadi kileleni. Upande wa pili ganda hai la rangi ya kahawia lilipanda kwa nyuma, likatokea juu na kumwaga majani madogo madogo. Aliyeituma alijiita Odongo wa Asembo Bay, na chini yake aliandika: "Mti iko tayari lakini haiwezi kuja. Njooni." Tulidhani ni shida ya usafiri. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye pikapu, nikatumwa.

Alhamisi saa moja asubuhi niliondoka mjini na mablanketi manne, kamba, na gunia la maranda ya kuzuia chungu kisicheze. Nilipanga kurudi kabla ya saa kumi. Sikuwa nimebeba hata mswaki.

Nilipofika Kisian mwenyekiti alikuwa ameshanipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza alitaka kujua kama nimeondoka. Mara ya pili alitaka kujua kama nimebeba maji ya kunyunyizia majani. Mara ya tatu alikuwa amesahau alichotaka. Nilisimama pale njia panda, nikanunua ndizi, nikazima simu. Hilo nalo mlinilaumu baadaye, kwa hiyo leo mmejua.

Ndori niliacha lami ya Bondo nikakata kushoto kuelekea ziwani. Karibu na ufuo nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika visamaki vya omena, Odongo wa miti anakaa wapi.

"Odongo gani? Odongo wa Opiyo?"

"Odongo wa miti," nikasema.

"Ee, huyo ni Odongo wa Opiyo. Enda mpaka kwa mti ya simu, ingia na hiyo njia ya ng'ombe."

Tangu nitoke Nyeri nimeishi Kisumu miaka ishirini na sita nikiuza vitambaa. Wateja wangu nusu ni Waluo. Najua vizuri kwamba pacha anayetangulia huitwa Opiyo na anayefuata huitwa Odongo. Jina lenyewe lilikuwa limeniambia kila kitu tangu ile picha, na mimi nikaingia na njia ya ng'ombe nikifikiria maranda.

Saa nne nilikuwa nyumbani kwa Odongo. Ni mtu mwembamba, mpole, wa miaka hamsini na nane, aliyekuwa mtunza bustani wa daktari mmoja kule Milimani kwa miaka kumi na tisa. Daktari huyo alikuwa na bonsai, na Odongo ndiye aliyezimwagilia, akazikata, akazijua kuliko mwenyewe. Alipostaafu alirudi nyumbani akaanza za kwake.

"Misawa, Mama. Karibu. Umekuja mbio," akanisalimia kwa Kiluo.

"Nimekuja. Tuupakie kabla jua halijawa kali."

"Tutaongea. Kwanza chai."

Nikanywa chai. Nikala na mandazi, kwa sababu mke wake alisimama mbele yangu mpaka nikala. Ndipo Odongo akaniongoza nyuma ya nyumba, kwenye banda la matete.

Picha ilikuwa imeudhulumu ule mti. Niliuzunguka mara mbili. Odongo alinieleza kwamba aliutoa kwenye mawe ya kilima kilicho juu ya kijiji, mahali ambapo mbuzi waliutafuna kila msimu kwa miaka mingi ukakataa kufa na ukakataa kukua. Sehemu iliyokufa aliichonga kidogo kidogo, akaipaka chokaa, akaisugua, akaipaka tena. Mbao ilikuwa ngumu na baridi mkononi. Ukiitazama kwa karibu huoni alama hata moja ya kisu. Unaona jua na mvua tu, na mti uliopigwa na vyote viwili ukabaki umesimama. Niliona wivu, na nasema wazi.

Nikashika chungu. Odongo akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Hii haitoki leo, Mama. Ya Opiyo haijaisha."

"Opiyo anahusikaje?"

"Ndugu yangu. Ni mkubwa wangu. Kitu ikitoka kwa hii boma, ya Opiyo inatangulia. Kulima, yeye kwanza. Kujenga, yeye kwanza. Sasa nikamwambia nataka kupeleka mti kwa watu waone, akasema sawa, basi na yeye atafanya moja."

"Lini?"

"Tangu Krismasi."

Tulikuwa mwezi wa nane. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwambia kwamba hapa hapandi mahindi wala hajengi nyumba, huu ni mti ndani ya chungu, na babu zake hawakuwahi kusikia neno bonsai. Akakubali yote. Nikamuuliza Opiyo anamzidi kwa dakika ngapi. Hakujua. Akaniambia nimuulize mama yao.

Mama yao alikuwa kivulini mwa nyumba akichambua mboga. Kila mtu pale humwita Min Opiyo, yaani mama yake Opiyo. Hakuna anayemwita mama wa Odongo, na Odongo mwenyewe haoni ajabu. Alifikiria swali langu kwa makini sana.

"Opiyo alitoka jua ikitoka," akasema. "Odongo alitoka wakati tumekunywa uji."

"Kwa hiyo ni kama nusu saa?"

"Uji ilikuwa moto," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Odongo, aliyekuwa amenifuata, alinigeukia akicheka. "Mama, mimi nilingoja miaka minne nioe kwa sababu Opiyo alikuwa bado anachagua. Nitashindwa kungoja mti?"

Mimi ningeshindwa. Mimi nilikuwa nimeshashindwa. Nilimwambia anipeleke kwa huyo Opiyo.

Saa sita mchana, ufuoni. Opiyo ni fundi wa mashua. Ana uso ule ule wa Odongo, ila mabega yamejaa kwa sababu ya kuchonga mbao kwa tezo, na hana upole hata chembe. Alikuwa na mashua moja imepinduliwa juu ya magogo, mwenye mashua hiyo akiwa ameketi kando anaisubiri, na kando ya mashua, chini ya kipande cha turubai, beseni la plastiki lililopasuka. Ndani ya beseni mlikuwa na kisiki. Samahani, lakini hicho ndicho nilichokiona. Kisiki cha kijivu cha mkwaju, kimepasuka katikati, na nyuma yake kijitawi chenye majani ya kuhesabu.

"Hii ndiyo inayotangulia?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Itaisha lini?"

"Itaisha ikiisha."

Nikamweleza habari za ukumbi, za mgeni, za Jumamosi. Alisikiliza huku akinoa kijipatasi alichokitengeneza kwa msumari uliofuliwa bapa. Nikampa wazo ambalo njiani lilionekana la busara kabisa: nitakwenda Kisumu, nitamnunulia bonsai nzuri iliyokamilika, iwe yake, aitangulize, ya Odongo ifuate, na kila mtu atakuwa ameheshimiwa.

"Sasa hiyo itakuwa ya nani?"

"Yako."

"Mimi niliifanyia nini?"

Hapo nikakasirika. Nilimwambia anamrudisha nyuma ndugu yake. Mwenye mashua akatikisa kichwa, sijui kunikubali au kunisikitikia. Opiyo akasema nyinyi watu wa Nyeri mko na haraka, akachovya kidole kwenye maji, akalowesha kisiki, akaketi kukitazama kikikauka. Alikitazama kikikauka hadi mwisho. Kisha akalowesha tena.

Nililala kwa Odongo. Mke wake alinipa leso, sabuni na kitanda cha mtoto wake aliyeolewa, na alinipikia samaki wa ngege ambaye sijala mfano wake mjini. Nilimshukuru kwa hasira.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa ufuoni nimeketi kwenye gogo mbele ya Opiyo, nimeamua kumsimamia. Mnajua ninavyosimamia. Ndivyo alivyojenga dirisha langu la duka fundi ambaye wengine wote walikuwa wameshamkatia tamaa.

Niseme ukweli kuhusu nilichokiona. Opiyo hachongi kama sisi. Sisi tunachora kwanza kwa penseli, kisha tunakata. Yeye hulilowesha shina aone panapochelewa kukauka, huligonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena, mpaka ajue uozo umeishia wapi. Akishajua, huchimba pale tu. Panapohitaji kupunguzwa hakati. Huibana ncha ya uzi wa mbao kwa koleo na kuuvuta taratibu, na uzi unajichana wenyewe kushuka chini.

"Kwa nini hukati?" nikamuuliza.

"Ukikata, itaonekana imekatwa. Ukivuta, mti yenyewe inachagua mahali inapasukia." Akaninyoshea ule uzi niuone ulivyopinda. "Hata mbao ya mashua ni hivyo. Ukilazimisha, itakungoja kwa maji."

Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa pia kazi ya kuchukiza kwa polepole yake. Kufikia saa tano alikuwa amevuta nyuzi sita. Katikati alikwenda kumsaidia mtu kusukuma boti, akala ugali, akasalimiana na kila aliyepita. Mimi nilikuwa nikihesabu saa kwa sauti. Nilimwambia bado ule upande wa kushoto haujaguswa. Nilimwambia mgeni anafika kesho saa nne. Nilimwambia ndugu yake amemngoja miezi minane, na mimi ningekuwa Odongo ningekuwa nimeshaondoka na mti wangu zamani. Hilo la mwisho lilimwingia. Aligeuza beseni, akashika patasi, akaanza upande wa kushoto bila kulowesha na bila kugonga. Mara ya kwanza vumbi la kijivu lilitoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu patasi ilizama kwa urahisi mno, na chini yake pakaonekana kijani.

Aliacha hapo hapo. Akaniita nisogee. Kwa ncha ya kucha alinionyesha: kile kijani kilikuwa ukanda mwembamba kama kidole changu cha mwisho, umejificha chini ya mbao iliyokufa, ukipanda kutoka mzizi mmoja hadi kile kijitawi. Ndio uliokuwa umeubeba mti mzima. Patasi ilikuwa imeula karibu nusu.

"Ilibaki kidogo tu ikufe," akasema. Akapaka udongo wa ziwa pale palipojeruhiwa, akafunika kwa turubai, akarudi kwenye mashua, na kwa siku nzima hakuugusa tena.

Nilibaki kwenye gogo. Nimewahi kuwa na makosa, lakini si mara nyingi huwa nayaona yakiwa mabichi hivyo. Tulichonga upande uliokufa miaka yote hii, sisi wanachama, ili upendeze. Opiyo anauchonga ili ajue ni wapi pasiguswe. Alikuwa akiutafuta ule ukanda tangu Krismasi, na mimi nilimfikisha hapo kwa patasi.

Jumamosi, kabla jua halijatoka vizuri, nilitoka nje kuwasha gari nirudi. Nilimkuta Odongo amesimama kando ya pikapu. Mkwaju wake ulikuwa tayari nyuma, umezungushiwa blanketi langu, chungu kimezikwa kwenye maranda. Majani yalikuwa bado yamejikunja, kama mkwaju unavyofanya usiku.

"Oyawore, Mama. Chukua," akasema. "Opiyo ameniambia jana, ya kwake haitawahi. Chukua tu."

"Amekuruhusu?"

"Hajakataa."

Nilishika ufunguo. Jamani, niliutaka ule mti. Nilishauona katikati ya ukumbi, juu ya kitambaa cheupe, mgeni akiinama. Niliwaona ninyi nyote mkinyamaza kwa mara ya kwanza.

"Na mti wake?" nikauliza. "Ukitangulia wako, wake utafanyaje?"

Odongo alitazama chini. "Hiyo itakuwa imepitwa. Hawezi kuitoa tena."

"Lakini ataimaliza?"

"Ya nini, Mama? Ataiacha hapo. Hatasema kitu. Opiyo hasemangi kitu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini wewe umetoka mbali."

Nilipanda nyuma ya pikapu kwa viatu vyangu vya mjini, nikaanza kufungua kamba. Odongo alidhani naikaza. Nilipompa chungu alisimama amekikumbatia bila kuelewa, kisha akaelewa, na hatukutazamana. Nilimwambia amwambie Opiyo anipigie simu akimaliza. Nikaondoka na maranda yangu.

Ndori sikusimama. Kisian niliwasha simu, nikaizima tena.

Saa nne kasoro nilikuwa ukumbini, na mengine mliyaona wenyewe. Mgeni alizunguka meza zote kwa muda mfupi ambao ungetosha kuchemsha yai. Alipoulizwa maoni alisema vitambaa ni vizuri sana. Mwenyekiti hajanisamehe mpaka leo. Nakiri kwamba nafasi ya chama chetu niliipoteza mimi, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu, na nikirudishwa pale kando ya pikapu nitaipoteza tena, nikilalamika.

Wiki tisa baadaye Opiyo alipiga simu. "Mama, imeisha. Njoo." Akakata.

Nikaenda. Nililalamika njia nzima, peke yangu ndani ya gari. Nilipofika walikuwa wote nyumbani, mama yao ametolewa kiti nje. Opiyo alitoka na mti wake, sasa ukiwa kwenye chungu cha udongo. Lile pasuo la katikati lilikuwa limefunguliwa mpaka ukaweza kuona upande wa pili, na kingo zake zimechanwa nyuzi ndefu zilizopinda pamoja kama maji yanapoachana na mashua. Mweupe wote, isipokuwa ule ukanda mmoja wa kahawia, mwembamba, wenye kovu mahali fulani, ukipanda na kwenda kushikilia majani mapya juu. Mti wa Odongo bado ni mzuri zaidi, na Opiyo anajua. Lakini huu nilishindwa kuutazama kwa muda mrefu, kwa sababu ya lile kovu.

Opiyo aliupita mlango, akaupita uwanja, akautoa nje ya lango mpaka kwenye njia ya ng'ombe, akauweka juu ya kigoda.

"Opiyo," nikasema, "onyesho lilishapita. Huu mti sasa naupeleka wapi?"

"Nani amesema upeleke? Imetoka." Akajipangusa mikono kwenye suruali, akageuka kuelekea nyumbani. "Haya, Odongo. Leta yako."

Na Odongo, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, mwenye wajukuu na goti bovu, alikimbia.